Laptopu Iliyoanguka Modogashe

Inspekta Kananu hakuketi. Alisimama mbele ya meza ya Sajini Silas, kofia kichwani, vumbi la barabara ya Buna likiwa bado kwenye viatu vyake, akamtazama mtu aliyekaa sakafuni kando ya kabati, mikono ikiwa ndani ya pingu.

"Nani amempasua mdomo?"

"Alianguka, afande," Silas akajibu.

"Alianguka." Kananu alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayeonja uji uliochacha. "Laptopu imeanguka, na dereva naye ameanguka. Nikitoka kidogo tu, kila kitu Garissa kinaanguka."

Silas alicheka, akakatiza alipoona anacheka peke yake. Alikuwa mtu wa Meru kama Kananu, na kwa ajili hiyo alijiona ana ruhusa ya kumzoea. "Lakini afande, hata safari ya Buna haikuutoa ule ubani. Yule mama mwenye nyumba wako ataacha lini kukufukiza nguo? Unanukia kama bibi arusi."

"Heri kunukia ubani kuliko kunuka jasho la kumpiga mtu aliyefungwa. Nieleze kesi."

Silas akaeleza akitazama ukuta. Mtu huyu aliitwa Mahat, dereva wa lori la shirika moja la chakula cha msaada. Mwaka ule ukame ulikuwa umewamaliza mifugo, mbuzi wote wa Mahat wakiwemo, na shirika lilikuwa likigawa mahindi mpaka Modogashe. Wafadhili walileta laptopu moja, ile kompyuta ya kukunjwa kama kitabu, ya kuandikia majina ya watu wa kugawiwa. Sheria yao ilikuwa kali: isitoke ofisini ila kwa kazi, na atakayeiharibu kwa uzembe aachishwe kazi siku hiyo hiyo. Meneja, Bwana Korane, alimkabidhi Mahat aipeleke Modogashe ikiwa ndani ya begi lenye kufuli. Funguo zilikuwa mbili, moja ya Korane na moja ya Yarrow, msimamizi wa Modogashe. Yarrow alipoifungua, ilikuwa maiti. Pembe moja imevunjika. Ikarudishwa Garissa, na Korane akaja mwenyewe kituoni kushtaki.

"Kesho asubuhi anafikishwa mahakamani," Silas akamaliza. "Amekataa kukiri, lakini ushahidi upo. Ni yeye aliyeibeba."

Kananu akachuchumaa mbele ya Mahat. "Sema wewe."

"Mimi nimesema tayari, afande." Midomo iliyovimba ilimfanya aongee taratibu. "Begi nilibewa imefungwa na kufuli. Nikaitundika nyuma ya kiti na kamba, kama mama yangu alitundika haan, ile kibuyu ya maziwa, kwa ngamia. Inabembea, haigongi. Barabara ni mbaya, ndiyo. Lakini haikuanguka. Wallahi haikuanguka."

Silas akaguna. "Mtu wa ngamia anabeba kompyuta. Wewe ulitegemea nini?"

Kananu hakumjibu. Alilivuta begi lililokuwa mezani, la turubai nene lenye sponji ndani, akapitisha kidole kwenye pembe zake zote, moja baada ya nyingine. Kisha akaitoa laptopu. Pembe yake ya kulia ilikuwa imemeguka, na pale ilipomeguka palikuwa peupe kama jino lililokatika. Akairudisha ndani ya begi ili aone pembe ile inakaa wapi.

"Silas. Ilianguka ikiwa ndani ya begi au nje?"

"Ndani, afande. Begi lilikuwa na kufuli."

"Basi begi lenyewe halina habari kwamba lilianguka. Njoo uone. Hakuna mkwaruzo, hakuna uzi uliochomoka, hakuna hata alama ya changarawe. Plastiki ya ndani imevunjika, nguo ya nje haijakunjwa. Umewahi kuvunja yai bila kugusa ganda?"

Silas akapitisha kidole chake kwenye pembe ya begi.

"Mfungue pingu. Mpe maji atawadhe, saa ya sala imefika. Na pale langoni kuna mwanamke amekaa na sufuria ya chakula. Ni nani?"

"Mke wake. Weris. Anakuja kila siku."

"Chakula chake kimeingia?"

Silas akaanza kutafuta funguo za pingu mfukoni kwa bidii kubwa.

Kananu alilibeba begi, akatoka. Kwenye kivuli cha lango alisimama kidogo, akafumba macho. Alimwomba Mungu amzuilie mkono, maana ulikuwa ukimwasha. Hakuomba hasira yake iondoke. Aliihitaji.

*

Fundi Ndirangu alikuwa amekuja Garissa kutengeneza redio, akaongeza taipureta, na sasa akaongeza kompyuta kwa sababu hakukuwa na mwingine. Aliifungua laptopu juu ya kitambaa cheupe, akizipanga skrubu ndani ya kisosi ili zisipotee.

"Niambie kwanza jambo moja," Kananu akasema. "Lori la Modogashe linaweza kuiua mashine hii?"

"Kuitikisa, ndiyo. Kuiua, si rahisi." Ndirangu hakuinua macho. "Watu huzibeba kama mayai, lakini hizi ni kama mbuzi, afande, zina roho ngumu. Bwana mmoja wa mifugo aliisahau yake juu ya paa la Land Rover. Akaondoa gari. Ikaruka mpaka kwenye mawe. Ililetwa hapa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, kifuniko kimepasuka, bawaba moja imeng'oka. Nikabonyeza, ikawaka. Mwenyewe alilia hapo ulipokaa."

"Na vumbi?"

"Vumbi la huku? Nimetoa mchanga wa kujengea choo ndani ya mashine hizi. Unapuliza, unapangusa, inaendelea. Kinachoogopesha ni kuiangusha ikiwa imewashwa, diski inazunguka. Ikiwa imezimwa, imefungwa, iko ndani ya sponji? Itaamka tu."

"Hii mbona haikuamka?"

Ndirangu aliinua kibao cha vitufe kama mtu anayefunua jeraha. Akarudisha kichwa nyuma. "Hii haikuanguka, afande. Hii ilizama."

Chini ya vitufe palikuwa na utando wa kahawia uliokauka, wenye kung'aa kama gundi. Sisimizi wadogo walikuwa wamenasa humo, wengine wakiwa mizoga mikavu. Ndirangu aliinusa. "Chai. Ya maziwa, sukari nyingi, na iliki. Mashine hizi huvumilia jiwe. Kikombe cha chai hazikivumilii."

"Dereva ana chupa ya chai ndani ya lori," Kananu akasema, kwa ajili ya kulipima wazo tu. Kisha akalipindua begi, akalifungua mdomo, akalikung'uta. Sponji ilikuwa kavu na safi, ya rangi ileile iliyotoka nayo dukani. "Hapana. Chai haikuingia ikiwa humu. Ilimwagika mashine ikiwa imefunguliwa mbele ya mtu, na mtu huyo alikuwa na ufunguo."

"Na kuna hili lingine." Fundi aliigeuza. Plastiki ya chini ilikuwa imelegea na kubonyea, kisha ikagandia hapo. Katikati ya ubonyeo kulikuwa na mistari, mingine ikipita juu ya mingine. "Jua. Ameiacha kwenye dashibodi. Jua la Garissa linaivisha nyama."

Kananu aliikamata, akaielekeza mlangoni penye mwanga. Akapitisha kidole juu ya kifuniko.

"Jua hupiga juu, fundi. Tazama juu, ni pazima kabisa. Na tangu lini jua likachora mistari?"

Ndirangu alikuna kidevu. "Basi sijui."

"Hata mimi sijui. Lakini Mahat yuko ndani kwa sababu ya watu waliojua bila kutazama."

*

Wenye funguo walikuwa wawili, na Kananu alianza na aliyekuwa mbali. Moyoni alikuwa ameshamhukumu. Yarrow alikuwa peke yake Modogashe, ana mashine mpya, ana birika jikoni. Nani angemwona? Alipoishika redio ya kituo, sauti yake ilitoka kama amri.

"Yarrow, wewe ulikunywa chai juu ya laptopu ya shirika?"

Redio ikakoroma. "Chai? Hapana, afande. Mimi nimeifungua chini ya mti mbele ya wazee wa kamati, saa ileile lori imefika. Walitaka kuona hiyo ajabu. Nikabonyeza, kimya. Wazee wakacheka mimi. Mmoja akasema hata redio yake ya betri iko na akili zaidi. Nikaifunga, nikairudisha kwa lori ileile. Uliza mzee yeyote."

Kananu aliulegeza mkono uliokuwa umebana kipaza sauti cha redio. Sisimizi hawawezi kuingia, kula, kunasa na kukauka ndani ya kicheko cha wazee. Yarrow hakuwa mtu wake. Alikuwa amekosea, na alikasirika kwa kukosea.

"Kuna kitu kingine uliona?"

"Kuona, hapana. Kunusa, ndiyo." Yarrow alisita. "Usinicheke, afande. Begi ilipofunguka, ilinuka uunsi. Ubani wetu huu wa nyumbani. Nikasema labda hawa wazungu wanafukiza mashine yao kabla ya kuituma."

Kananu hakucheka. Aliuinua mkono wake wa kushoto, akaunusa mkono wa shati lake la kipolisi. Silas, aliyekuwa mlangoni, alimwona akifanya hivyo, na safari hii hakuwa na mzaha.

Kila Jumamosi mama mwenye nyumba wake aliweka makaa kwenye chetezo cha udongo, akanyunyiza uunsi, akafunika kwa tenga la vijiti vilivyopindwa kama kuba. Juu ya vijiti alitandaza nguo mpaka zikauke na kunukia. Vijiti vingine vilipita juu ya vingine.

"Silas, Korane anakaa wapi?"

"Waberi, afande. Nyumba ya lango la kijani."

*

Aliyefungua lango la kijani alikuwa Hinda, mke wa Korane, mwenye uso wa upole na unga mikononi. Alimwona askari, lakini kwanza alimwona mgeni.

"Karibu, abaayo, dada yangu. Ingia kwa kibuli, jua ni kali."

Kananu alivua viatu, akaketi kwenye mkeka, begi likiwa magotini. Kona ya chumba palikuwa na chetezo, na juu yake tenga la vijiti, na juu ya tenga gauni dogo la mtoto.

"Hili tenga, dada," Kananu akasema, "linakausha kweli, au linanukisha tu?"

"Yote mbili. Nguo ya mtoto ikiloa, makaa kidogo, uunsi kidogo, saa hiyo hiyo anavaa." Hinda alitabasamu. "Lakini si wewe unanukia hivyo hivyo? Kuna mama anakutunza."

"Yupo. Na mashine je? Mashine ikiloa?"

Tabasamu lilitoka usoni mwa Hinda, lakini haikuwa hofu iliyolitoa. Ilikuwa aibu ya mtu aliyeharibu kitu cha wenyewe.

"Korane amekwambia," akasema. "Abaayo, mimi sikujua. Alikuja nayo amalize kazi nyumbani. Mtoto akagonga kikombe, shaah, chai yote, ikaingia kwa vitufe. Korane ameshika kichwa. Nikamwambia, si ni maji tu, nitaikausha. Nimeweka makaa kidogo sana, na uunsi itoe harufu ya maziwa. Mara nikaona chini inakuwa laini kama nta. Nikaitoa mbio." Alijifuta unga kwenye nguo. "Tangu siku ile sina raha. Ofisi wamemsamehe?"

"Ofisi haijui. Dereva yuko ndani kwa ajili ya mashine hiyo. Kesho anakwenda mahakamani."

"Dereva gani?"

"Mahat."

"Mahat ya Weris?" Hinda alisimama. "Hapana. Mahat ameshikwa kwa kugonga ngamia ya watu. Korane mwenyewe aliniambia. Mimi nimemwonea Weris huruma, nikampelekea sukari, nikamwambia ngamia italibwa, Mungu mkubwa. Na yeye ananitazama tu, haelewi."

Lango lilibamizwa. Korane alikuwa amekuja kula. Aliingia na shati lililopigwa pasi na kalamu mfukoni, akaona begi kwenye magoti ya Inspekta, akabaki mlangoni pasipo kuvua viatu.

"Inspekta. Kama ni ile kesi, ungenikuta ofisini. Hapa ni nyumba ya familia."

"Nilikuja kuuliza habari za kukausha nguo."

"Mke wangu haelewi mambo ya kompyuta. Chochote alichosema—"

Hinda alimkatiza kwa Kisomali, maneno mafupi, makali, kama mtu anayepasua kuni. Korane alijibu kwa sauti ya chini, akimwonyesha kwa jicho yule mgeni.

"Hapana," Hinda akasema, sasa kwa Kiswahili. "Nitasema na lugha ambayo huyu pia anasikia." Alinyoosha mikono kwa Kananu. "Nibe hiyo kitu."

Kananu akampa. Hinda aliliondoa gauni la mtoto, akaikalisha laptopu juu ya tenga. Ilitikisika. Akaizungusha kidogo, kisha tena kidogo, na vijiti vikaingia ndani ya mistari iliyobonyea, kila kijiti mahali pake. Akaondoa mikono. Laptopu ilitulia pale kama imezaliwa hapo.

"Sema tena ngamia," akamwambia mume wake.

Korane hakusema ngamia. Alimgeukia Kananu, na sauti yake ikawa ya ofisini, laini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Tuzungumze kama watu waliosoma. Ile ni mashine tu. Wafadhili wataleta nyingine. Ningejitaja, ningefukuzwa, na kazi yote ya chakula ingesimama. Dereva angekaa ndani kidogo, halafu ningemtafutia kitu. Nilipima, Inspekta. Nilipima hasara."

"Na ile pembe?"

"Pembe gani?"

"Chai haivunji plastiki, na mkeo alichoma chini tu. Mtu aliipiga ikiwa nje ya begi, ili ionekane imeanguka. Hapo ndipo ulipokosea. Ulisahau kulipiga na begi."

"Nilikusikia," Hinda akasema taratibu. "Nyuma ya nyumba. Ulikuwa unagonga na jiwe. Nikauliza, ukasema unatengeneza kiti." Alikitazama kiti kilichokuwa karibu na dirisha. "Hii kiti bado inayumba."

Kananu alikwisha kusimama. Alikuwa amekutana na wezi wa mifugo na wauaji wa njiani, na hakuna aliyemchefua kama mtu huyu aliyepima.

"Kumvunjia mtu riziki kwa hasira, nimewahi kuona," akasema. "Wewe ulikaa, ukatafuta jiwe la kutosha. Mbuzi wa Mahat wamekufa wote. Lori lile ndilo mbuzi wake, ndilo ngamia wake. Ulimpa mzigo huo mkononi, ukafunga kufuli, ukamwambia safari njema. Nyoosha mikono."

"Mbele ya mke wangu?"

Hinda alikuwa ameshachukua shela yake. "Mimi siko hapa," akasema. "Nimeenda kwa Weris."

*

Waliporudi kituoni, Weris alikuwa bado langoni, na Hinda alikuwa chini kando yake, mavumbini. Wote wawili hawakuinua macho Korane alipopitishwa.

Kananu alimkalisha Korane sakafuni kando ya kabati, pale pale alipokaa dereva. Kisha akaifungua seli mwenyewe. Mahat alitoka akiwa amepangusa uso, sala ikiwa bado machoni pake, na akamwona meneja wake na pingu. Hakushangilia. Alimtazama jinsi mtu anavyotazama tairi lililopasuka njiani, kisha akaanza kuvaa ndala.

"Mahat," Kananu akasema, "tumeupata ukweli. Uko huru."

"Ukweli nilisema siku ya kwanza, afande."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Redio iliendelea kukoroma kwenye kona.

Mahat alifika mlangoni, akageuka. Akamwonyesha Korane kwa kidevu. "Huyu naye, mtamwuliza kama mlivyoniuliza mimi?"

Korane aliinua kichwa haraka, akautazama ule mdomo uliopasuka, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulipoteza hesabu zote.

"Hapana," Kananu akasema. "Hataguswa."

"Vizuri," Mahat akasema. Akatoka kwa mke wake.

Kananu alifunga mlango. Kofia aliivua sasa, akaiweka juu ya meza, juu ya karatasi ambazo Silas alikuwa akijifanya kuzipanga.

"Sajini, vua mkanda."

"Afande?"

"Mkanda na bunduki, weka hapa. Nakupeleka mwenyewe kwa OCS, mkuu wa kituo, na nitasimama hapo mpaka aandike mashtaka yako." Alivuta kiti kikapiga kelele sakafuni, akaketi kwa mara ya kwanza mbele ya meza ile. "Lakini kwanza nionyeshe. Ulisema mtu yule alianguka. Begi lisipoanguka, huwa najua. Sakafu ni hii hapa. Nionyeshe ni wapi."